Tembea kiunoni mwa kilima

Matembezi mengi ya mtaani Kampala hayafiki wiki ya pili, na uvivu si sababu pekee. Mji umekaa juu ya vilima, na kati ya kilima na kilima pana bonde lenye mtaro, stegi ya bodaboda na foleni ya taksi. Mtu huanza kwa kuteremka kwa raha, akameza moshi bondeni, kisha akarudi kwake kwa kupanda mlima miguu ikiwa imeshachoka. Kesho yake hatoki.

Dawa ni kutembea kiunoni mwa kilima. Tafuta barabara inayokizunguka kwa kimo kimoja badala ya ile inayokwea moja kwa moja. Kololo ina Upper Kololo Terrace na Lower Kololo Terrace, na vilima vingine vina vipande vya namna hiyo, hata kama vimeungwa na vichochoro. Ukikaa bondeni, panda kwanza, uzunguke, uteremke mwishoni. Ukikaa kileleni, shuka hadi katikati tu.

Upande mkali uwe wa kupanda na upande wa taratibu uwe wa kushuka. Wengi hufanya kinyume, na magoti ndiyo hulipa. Kwenye barabara ya vumbi kuna hatari nyingine: vijiwe vya changarawe juu ya udongo mwekundu uliokauka huviringika chini ya soli kama goroli. Ukilazimika kushuka hapo, fupisha hatua, kunja magoti kidogo, na ufuate ukingo wenye majani.

Kwa mwendo wa kukaza kidogo, kilomita 1 ya tambarare huchukua kama dakika 12. Mlimani hesabu 15 hadi 18. Kwa hiyo nusu saa ni kilomita 2 hivi, na anayepanga 4 kwa siku ya kwanza anajidanganya. Mzunguko uwe na kichochoro cha kuukatia katikati, kwa siku ya mvua au ya uchovu. Kupita mbele ya geti lako nusu ya safari sikushauri. Geti lina ushawishi.

Magari Uganda hupita kushoto, basi wewe tembea kulia ili uyaone yanayokujia. Ila usiamini masikio. Waendesha bodaboda wengi huzima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta, na pikipiki hukufikia kimya kimya, mara nyingine upande usio wake. Geuka utazame kabla ya kukwepa dimbwi. Tazama na chini pia: mifuniko ya mitaro ya pembeni hukosekana hapa na pale, na baada ya mvua maji huficha shimo kabisa.

Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12:30 hivi na saa 1 asubuhi, na jioni giza huingia haraka, dakika kama 20 tu baada ya jua kuzama. Njia ya jioni basi ianze saa 11 na nusu, si saa 1 kasoro. Asubuhi kivuli huangukia magharibi, kwa hiyo kwenye mtaa unaoelekea kaskazini au kusini shika ukuta wa upande wa mashariki. Jioni hamia wa pili. Saa 6 mchana hakuna ukuta utakaokusaidia. Mbwa wa ulinzi baadhi yao bado wako nje alfajiri, ndiyo sababu inafaa kuwasalimia askari wa mageti: akikujua, humwita mbwa wake kabla hujafika. Mbwa akikujia, simama, usikimbie.

Kabla ya kuichukua njia kuwa yako, ipite mara mbili, asubuhi na jioni. Uchochoro mtulivu wa saa 1 asubuhi huweza kuwa na moshi wa takataka zinazochomwa jioni. Angalia pia miti mikubwa yenye viota vya kalooli, wale korongo wenye upara. Lami iliyo chini yake ikiwa nyeupe, vuka upande wa pili.