Mdundo wa Mwisho

Kwenye mechi ile ya nusu fainali ya mpira wa kikapu kocha alinipa kazi moja tu: kumkaba mfungaji wao tegemeo popote atakapokwenda, hata kama nisingegusa mpira kwa dakika zote 40. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, mwepesi, na timu yake nzima ilicheza kwa kumtegemea yeye. Niliipokea kazi ile kwa furaha. Wenzangu wengi walipenda kufunga. Mimi nilipenda kuzuia, na sijawahi kukubali kwamba hiyo ni kazi ya daraja la pili.

Kabla ya hapo tulikuwa tumefanyishwa zoezi lililotuchosha kuliko yote. Unashika taulo kwa mikono miwili nyuma ya mgongo, kisha unamfuata mwenye mpira anayekwenda upande huu na ule, kutoka goli hadi goli. Ukinyimwa mikono, unabaki na miguu tu. Ukisimama wima, umepitwa. Ukipishanisha miguu, umepitwa. Basi unakunja magoti, unashusha makalio, uzito unauweka mbele ya nyayo, na unateleza kwa hatua fupi, mguu wa upande unaokwenda ukitangulia. Mapaja yanawaka moto. Na macho yote kiunoni kwa mshambuliaji, pale penye kamba ya bukta, kwa sababu kichwa, mabega na hata mpira vinaweza kukuzuga, lakini kiuno hakiwezi kwenda kulia mwili ukaenda kushoto.

Mechi ilipoanza nilisimama nusu mwili upande wake wa kushoto, mguu wangu wa kulia mbele, umbali wa mkono mmoja. Hapo nilikuwa nimeifunga njia anayoipenda na kumwachia ya kulia, inayoelekea mstari wa pembeni. Kiganja changu cha kulia kilikaa chini kikitazama juu, kikiufuata mpira. Ukiuchapa mpira kutoka juu, mara nyingi unaupiga mkono wa mpinzani, na faulo 5 zinakutoa uwanjani. Ukiudokoa kutoka chini, ukikosa, umekosa tu, na bado miguu yako iko mahali pake.

Kupenya hakuweza. Akabadili mbinu: anakwenda hatua mbili tatu kulia, anasimama ghafla, anaruka na kurusha. Robo ya kwanza na ya pili alinifunga hivyo, mkono wangu ukifika mbele ya uso wake mpira umeshatoka.

Wakati wa mapumziko kocha hakunifokea. Alitukumbusha habari za Bill Russell, aliyetwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 11 katika misimu 13 akiwa na timu ya Boston Celtics. Russell alipozuia mpira uliorushwa hakuupiga kwenda jukwaani. Aliugonga taratibu umfikie mwenzake. Alistaafu mwaka 1969, na NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyozuiwa msimu wa 1973–74, kwa hiyo hakuna anayejua alizuia mingapi. Nililipenda sana hilo. Mpaka leo karatasi ya takwimu haina safu ya mtu aliyelazimishwa kurusha kutoka mahali asipopataka.

Robo ya tatu ndipo nilipoanza kusikia. Akiwa anadunda kawaida, mpira ulilia kwa wepesi, tak, tak, tak. Alipokusudia kurusha, ule mdundo wa mwisho aliukandamiza kwa nguvu ili mpira umpandie haraka mikononi, na sakafu ikatoa sauti nzito. Nikaacha kusubiri aruke. Nikisikia tu ule mzito, nasogea hatua moja na kunyoosha mkono juu, mwili ukiwa wima nisije nikamwangukia. Mirusho yake ikaanza kuwa mirefu mno, au mifupi mno. Sikuugusa hata mmoja.

Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi chache. Alikuja kulia, sauti nzito ikasikika, nikawa nimeshafika. Akaushika mpira, akaghairi kurusha, na sasa hakuruhusiwa kudunda tena. Nilimbana chini ya mita moja, mikono yote miwili ikifuata mpira kila alipoupeleka, huku nikipiga kelele ili wenzangu wajue amekwama na wazibe njia za pasi. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, zinampa mchezaji aliyebanwa hivyo sekunde 5 za kuutoa mpira. Alizungusha macho, akazuga pasi mara mbili. Refa akapuliza filimbi, mpira ukawa wetu. Benchi letu liliruka kama kwamba tumefunga, na mimi nilisikia fahari ambayo hakuna kikapu kilichowahi kunipa.

Baada ya mechi alinifuata, akanipa mkono. "Ndugu yangu, ulijuaje nataka kurusha?"

Nilimwambia ukweli wote, habari za ule mdundo. Alichukua mpira akadunda palepale, akasikiliza, akacheka. Kisha akaniambia na yeye alichokuwa amekiona kwangu: kila nikichoka, kisigino changu cha kushoto kinagusa chini, na hapo ndipo alipokuwa akinikimbilia. Tukachukua mpira mmoja tukarudi uwanjani, yeye akidunda kwa mdundo mmoja usiobadilika, mimi nikiteleza mbele yake visigino juu, mpaka mlinzi wa uwanja akaja kutudai funguo.