Kipindi cha Pili Hakikuja

Kila Ijumaa, akitoka msikitini, mjomba alianika betri za redio. Zilikuwa nne, kubwa, na alizipanga juu ya bati la kibanda chake cha kutengenezea baiskeli, akizigeuzageuza kama mtu anayeanika dagaa. Betri mpya zilikuwa za shida mwaka 1989, na za zamani zikipata jua zuri zilikuwa na uwezo wa kutufikisha mwisho wa mpira wa Jumamosi. Masika yakianza, jua linakuwa la kuvizia, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi: wingu likitanda tu, nakimbia kuzianua.

Tulikaa Ngamiani, Tanga. Mji ulikuwa bado na furaha ya mwaka uliotangulia, Coastal Union walipoutwaa ubingwa wa Tanzania, na watu wengi mtaani hawakuelewa mtu mzima anayejiita Mgosi, yaani mtu wa Tanga, anapata wapi nafasi moyoni ya timu nyingine huko Ulaya. Mjomba aliipata nafasi hiyo. Alikuwa baharia ujanani, miaka sita kwenye meli za mizigo, na katika msimu wa 1972/73 meli yake ilikaa Liverpool kwa matengenezo. Mwenzake wa melini akamchukua Anfield, uwanja wa timu ya Liverpool. Timu ilikuwa ya kocha Bill Shankly wakati huo, mshambuliaji Kevin Keegan bado kijana mbichi, na msimu huo walikuwa mabingwa. Lakini mjomba hakuwahi kunihadithia mabao ya siku ile. Alinihadithia watu. Alisimama Kop, lile jukwaa la nyuma ya goli, kati ya watu zaidi ya elfu 20 waliosimama bega kwa bega wakiimba, na alirudi melini na skafu nyekundu ya sufu ambayo Tanga haina kazi yoyote. Nani avae sufu kwenye joto lile? Ndipo skafu ikawa nguo ya redio. Aliifungia redio kuikinga na vumbi, akaifungua Jumamosi jioni kwa utaratibu uleule, fundo la kwanza, fundo la pili, kisha anaikunja na kuiweka mapajani.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu na kazi yangu ilikuwa kufasiri. Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha melini, cha kamba na nanga, na watangazaji wa BBC walikuwa wakienda mbio. Bara hatukuwa na televisheni. Wachezaji tuliwajua kwa masikio. Bruce Grobbelaar, kipa, ndiye tuliyempenda kuliko wote kwa sababu alikuwa wa Zimbabwe, na watoto wa mtaa wetu walipopigiana penalti walilegeza magoti na kuyumba kama yeye alivyofanya Roma mwaka 1984 kwenye fainali ya Ulaya, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyeiona fainali ile. Tulihadithiwa tu na waliotoka Unguja, wenye televisheni, nasi tukaendeleza.

Tarehe 15 Aprili ilikuwa Jumamosi, tumo katika kumi la kwanza la Ramadhani. Nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, Sheffield, uwanja wa Hillsborough. Mwaka uliopita timu hizohizo zilikutana hatua hiyohiyo, uwanja huohuo, na Liverpool wakashinda 2-1. Mechi ilikuwa ianze saa tisa alasiri kwao, saa kumi na moja kwetu, na hesabu yetu ilikuwa nzuri: kipindi cha pili kikianza kutangazwa, magharibi imekaribia, tutafuturu mpira ukiwa masikioni. Mke wa mjomba, ambaye mimi nilimwita mama, alikuwa uani akikuna nazi ya kutilia mihogo. Harufu ya uji wa pilipili manga ilikuwa imeshafika barazani.

Tulikuwa watatu: mjomba, mimi, na jirani yetu fundi seremala, mshabiki wa Manchester United, aliyekuja kila wiki kutuombea tufungwe. Waya wa shaba uliotoka kwenye antena ulipita dirishani hadi kwenye mpapai. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mawimbi mafupi siku za mvua yanatia kelele za kukaanga samaki. Nilikuwa nimepiga magoti, sikio karibu na spika, kidole kwenye kile kigurudumu cha kutafutia stesheni.

Kwanza walitupa habari za viwanja viwili, maana Everton na Norwich walikuwa wakicheza nusu fainali yao Birmingham. Kisha wakarudi Hillsborough na mtangazaji akasema mchezo umesimamishwa. Dakika ya sita. Watu wameingia uwanjani.

"Wamesema nini?" mjomba akauliza.

"Mashabiki wameingia uwanjani, mjomba. Refa amewatoa wachezaji."

Fundi seremala akatikisa kichwa. "Walewale wa Brussels," akasema.

Lile neno lilikuwa kidonda. Miaka minne kabla, Mei 1985, kabla ya fainali ya Ulaya katika uwanja wa Heysel, Brussels, watu 39 walikufa, wengi wao Waitaliano, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia na ukuta kuanguka. Timu za Uingereza zikafungiwa nje ya mashindano ya Ulaya. Mjomba hakuifungua skafu ile kwa miezi mingi. Alipoifungua tena hakueleza, nasi hatukumuuliza. Kwa hiyo jirani aliposema Brussels, nilimwona mjomba akiinamisha uso, naye kwa muda akaamini. Mimi pia niliamini. Nilikasirika, nikasema moyoni, hawa watu hawajifunzi?

Sauti ikazama. Nikazungusha kigurudumu unywele mmoja kushoto, unywele mmoja kulia. Ilipoibuka tena, mtangazaji hakuwa na sauti ya mtu anayeeleza vurugu. Alikuwa akisema polepole, na mara hii hata mjomba angeweza kumfuata bila mimi. Nilifasiri hivyohivyo: kwamba watu wanavutwa juu ya uzio. Kwamba walio ghorofani wanawashika mikono walio chini na kuwapandisha. Kwamba mbao za matangazo zilizozunguka uwanja zinang'olewa, na watu wanalazwa juu yake na kubebwa mbio kwenda upande wa pili.

"Uzio?" mjomba akasema. "Kuna uzio mbele yao?"

"Ndiyo. Wanasema uzio."

Akaiweka skafu chini. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo ninapokumbuka jioni ile: aliitoa mapajani, akaiweka mkekani mbele yake kwa mikono miwili, na akajishika kifua.

"Hao hawapigani," akasema. "Hao wanakosa pumzi."

Fundi seremala akataka kusema kitu, mjomba akamwinulia mkono. Akatueleza, haraka, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Alisema ukisimama kwenye jukwaa kama lile miguu yako si yako. Mpira ukikaribia goli watu wote wanashuka kama wimbi, unajikuta ngazi kumi chini ya pale uliposimama, na wimbi likirudi linakurudisha. Siku aliyokwenda yeye Anfield alinyanyuliwa hadi kiatu kimoja kikabaki chini, mikono imebanwa ubavuni, hawezi hata kujikuna pua. Alicheka siku ile, alikuwa kijana na mbele yao hapakuwa na uzio. Waliobanwa walimwagikia nje kandokando ya uwanja, wakapangusa suruali, wakarudi. "Sasa weka chuma mbele," akasema. "Na nyuma watu bado wanaingia, hawajui. Mtu haanguki pale, mjomba. Anakufa amesimama." Aliniita mjomba kama nilivyomwita mimi, ndivyo tulivyozoea.

Na ndivyo ilivyokuwa. Yaliyokuja kujulikana baadaye ni kwamba nje ya lango la Leppings Lane, upande waliopewa mashabiki wa Liverpool, msongamano ulikuwa mkubwa kwa sababu milango ya kuingilia ilikuwa michache. Polisi wakafungua lango kubwa la pembeni, na watu kwa maelfu wakaingia na kufuata njia iliyokuwa wazi mbele yao, handaki linaloelekea kwenye vizimba viwili vya katikati, nyuma ya goli. Vizimba vile vilikuwa vimeshajaa. Vya pembeni vilikuwa na nafasi, lakini hakuna aliyesimama mdomoni mwa handaki kuwaelekeza huko. Grobbelaar, goli lake likiwa mbele ya vizimba vile, alisikia watu wakimwita nyuma yake. Mjomba aliyajua haya akiwa Ngamiani, kwa mwili wake, kabla redio haijayajua.

Idadi ikaanza kutajwa. Kila nilipoirudia kwa Kiswahili ilikuwa imepanda. Fundi seremala, Mungu amrehemu, ndiye aliyeanza kusema innalillahi, tena kwa sauti, na hakuondoka kwenda kwake. Alikaa nasi. Adhana ilipolia msikiti wa jirani, mama akatoka na sinia: tende, mihogo ya nazi, uji, na maji ya mtungini. Mimi nilikuwa na njaa ya kijana, nikala, na nikaona haya kwa kula. Redio ilibaki wazi. Tuliingojea mpaka betri zikafa.

Usiku ule waliokufa walikuwa zaidi ya 90. Wa 95 alifia hospitali siku nne baadaye, kijana wa miaka 14, mdogo kwangu mimi. Wa 96 alikaa bila fahamu hadi 1993. Leo wanahesabiwa 97, maana mmoja aliishi na majeraha yale hadi 2021.

Siku chache baadaye tulisikia kwamba gazeti moja la Uingereza limewaandika mashabiki kuwa walevi, kwamba waliwaibia maiti na kuwapiga polisi. Habari hiyo ikafika hadi vibarazani kwetu, na walioipokea hawakuwa wachache. Mjomba alibishana nayo kila mahali, kwenye kahawa, kibandani, mnyororo wa baiskeli ukiwa mkononi. Alikuwa mtu mpole na sikuzoea kumwona hivyo. "Mimi nilisimama nao," alikuwa akisema, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Liverpool walicheza tena na Forest mwezi Mei, wakashinda 3-1, wakalichukua Kombe mbele ya Everton, kisha usiku wa tarehe 26 Arsenal wakawanyang'anya ubingwa dakika ya mwisho palepale Anfield. Niliumia mimi. Yeye alisema tu, "Wamechoka, waacheni wapumzike."

Wiki moja baada ya msiba redio ilisema watu wa Liverpool wameunganisha skafu, nyekundu na za buluu za Everton, zikavuka bustani iliyo kati ya viwanja viwili. Nilimfasiria. Jumatatu yake skafu ya redio ilikuwa imefuliwa na kufungwa kwenye nondo za dirisha la mbele, na redio imevishwa kipande cha kanga. Skafu ilikaa dirishani miaka, jua na mvua za pwani zikaila mpaka ikawa rangi ya nyama ya pera. Wapita njia walidhani ni kitambaa kilichosahaulika.

Mjomba alifariki mwaka 2003. Tarehe 26 Aprili 2016 nilikuwa Dar es Salaam, kazini, saa saba mchana hivi, nilipoona kwenye simu kwamba jopo la raia waamuzi wa mahakama huko Warrington, Uingereza, limemaliza baada ya miaka miwili ya kusikiliza ushahidi wa vifo vya Hillsborough. Waliulizwa maswali 14. Waliokufa waliuawa isivyo halali, wakasema. Na swali la saba, kama mwenendo wa mashabiki ulichangia hatari ile, walilijibu hapana.

Nilitoka nje nikampigia mama Tanga. Masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, ikabidi nipaze sauti kwenye ngazi za ofisi, watu wakipita.

"Mama, mahakama imesema hawakuwa na kosa."

"Kina nani?"

"Wale wa mjomba. Wa Ramadhani ile."

Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Alifuturu tende moja tu siku ile," akasema. "Mihogo yote niliigawa kwa jirani."