Nilivyoyarudisha Masafa Mafupi Nyumbani Kwangu Ujiji

Watu wengi wa rika langu hapa Ujiji watakuambia kwamba masafa mafupi yamekufa, na ushahidi wao ni kwamba ukiwasha redio ya zamani leo husikii kitu isipokuwa mkwaruzo kuanzia mwanzo wa bendi hadi mwisho. Ni kweli kwamba vituo vingi vimeondoka. Mwaka 2011 BBC ilitangaza kuwa inaacha kurusha matangazo yake ya Kiswahili kwa masafa mafupi, na mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa Kigali tangu mwaka 1965 ilifungwa mwaka 2015. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mkwaruzo huo haiji na mawimbi kutoka ng'ambo, bali huzaliwa ndani ya nyumba zetu wenyewe, na ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyoupunguza mpaka vituo vya mbali vikaanza kusikika tena.

Asiyekulia Kigoma huenda asielewe kwa nini mtu ahangaike hivyo. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu, magazeti yalifika yakiwa yamechakaa, na kilichotuunganisha na dunia kila jioni ni redio ya marehemu baba, iliyotumia mawe makubwa ya National ambayo yakianza kuishiwa nguvu tuliyaanika juani ili yasukume siku mbili tatu zaidi. Vita vilipofika Uvira, mji wa Kongo, mnamo Oktoba 1996, majirani zetu wenye ndugu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikuja kukaa barazani kwetu kusikiliza taarifa ya habari kutoka London, kwa sababu London ilijua mambo ya Uvira kabla ya boti kufika Kibirizi. Mtangazaji alipoanza kutaja mita bendi za 16, 19, 25 na 31, yaani sehemu za masafa mafupi zinazoitwa kwa urefu wa mawimbi yake, baba alishika kitafutio na kuanza kusaka ile iliyokuwa safi jioni hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza.

Redio hiyo niliirithi. Swichi yake ya kubadilishia bendi ilikuwa imeingia kutu, nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana pale Mwanga, naye akaitazama kwa huruma. "Mzee wangu, hii ya nini tena, wakati simu inashika kila kitu?" Nikamwambia aisafishe tu, naye akaisafisha vizuri sana.

Nilipofika nyumbani na kuiwasha, nilipokelewa na mngurumo mzito usio na mtangazaji hata mmoja. Jioni hiyohiyo umeme ukakatika mtaa mzima, na papo hapo mngurumo ukatoweka, Wachina wakasikika wakizungumza Kiswahili na chini yao kukawa na mtu anayesoma habari kwa Kifaransa. Tangu hapo nilijua pa kuanzia. Umeme uliporudi niliiweka redio juu ya meza ikitumia betri, nikazima meni swichi, kisha nikawasha na kuchomeka kifaa kimoja baada ya kingine huku nikisikiliza. Chaja ya simu ya bei rahisi ilitoa mlio mwembamba kila baada ya sehemu fulani ya bendi, taa ya LED ya ukumbini ilifunika mita bendi 49 yote, na king'amuzi kilikoroma hata pale kilipokuwa kimezimwa kwa rimoti, kwa kuwa adapta yake huendelea kufanya kazi muda wote. Vifaa hivi hubadilisha umeme kwa kuukatakata mara maelfu kwa sekunde, na waya za nyumba huwa antena ya kusambaza kelele hiyo. Taa niliibadilisha, chaja nikaitupa, na king'amuzi sasa huchomolewa ukutani saa za kusikiliza, jambo ambalo mama watoto hajalipenda hadi leo.

Kelele ya majirani sikuweza kuizima, hivyo ilibidi antena ndiyo ihame. Fundi wa kusuka mota aliniuzia waya mwembamba wa shaba, nikaufunga kwa kamba ya nailoni kwenye mwembe ulio nyuma ya ua, mbali kadiri inavyowezekana na nguzo ya umeme, nikauleta hadi dirishani. Waya huo sikuuunganisha moja kwa moja na redio, kwa sababu redio ndogo ikilishwa mawimbi makali kupita kiasi huchanganya vituo. Niliuzungusha tu mara chache juu ya antena yake, na hiyo ilitosha.

Lililobaki lilikuwa ni kujua saa. Mchana, tabaka la chini la ionosfea, ile sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, hunyonya mawimbi ya bendi za chini, zile zenye namba kubwa ya mita kama 49, na jua likizama tabaka hilo hufifia upesi na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu linaloyarudisha ardhini mbali. Kwetu jua huzama karibu saa moja jioni, takriban dakika arobaini baada ya Dar es Salaam, na wakati huo upande wa Bahari ya Hindi giza limeshaingia wakati Atlantiki bado ni mchana. Kwa hiyo mimi huanza na mashariki. Zanzibar niliipata kwenye kilohezi 11735 ikipiga taarabu, sauti ikipanda na kushuka kama zamani, na baadaye usiku hugeukia magharibi kutafuta BBC ya Kiingereza inayorushwa kutoka kisiwa cha Ascension.

Sauti za Kiswahili kutoka ng'ambo zimepungua, na hilo waya haliwezi kulitibu. Watu hunijibu kwamba matangazo hayohayo yapo FM, tena safi. Yapo, lakini FM hunipa kile ambacho kituo cha hapa kimeamua kukipokea na kwa saa kilizoamua, ilhali kwenye masafa mafupi baba alichagua mwenyewe kati ya London, Moscow, Beijing na Cologne, na mara nyingi aliwasikiliza wawili waliopingana kabla ya kulala.

Masika huleta tabu nyingine. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na kila radi husikika kwenye bendi za chini hata kama kwetu anga ni jeupe. Miezi hiyo mita bendi 49 naiacha kabisa na kusikiliza 25 na 19, ambako mpasuko wa radi ni hafifu zaidi, na wingu likianza kusimama juu ya milima ya ng'ambo huutoa waya dirishani na kuutupa nje.