Manukuu ya Pather Panchali, wiki ya saba

Nimevuka kifo cha bibi kizee, kwa hiyo kazi imepita nusu. Kwa aliyeingia leo: naandika manukuu ya Kiswahili, yale maandishi ya chini ya skrini, ya filamu ya kwanza ya Satyajit Ray, mwongozaji wa India, ile ya mwaka 1955, ili mama aiangalie bila mimi kumnong'oneza sikioni. Nina mapenzi nayo tangu nikiwa na miaka 17, nilipoiona kwenye kanda ya video iliyochakaa ya jirani. Sijawahi kuiangalia na mtu wa nyumbani.

Kibengali sijui. Nafuata manukuu ya Kiingereza huku masikio yakiwa kwa waigizaji, na masikio ndiyo yanayoniokoa. Mvulana wa filamu, Apu, hamwiti Durga kwa jina, humwita "Didi", yaani dada mkubwa. Mwingereza angehangaika hapo. Mimi naandika "dada" na kusonga mbele. Watoto nao humwita yule bibi "Pishi", shangazi wa upande wa baba. Mama alikuwa akipita nyuma ya kiti changu akalisikia.

"Mbona wanamwita bibi wa watu kipimo cha mchele?"

Nimeandika "shangazi", lakini tangu siku hiyo nikimwona namkumbuka na vibaba vinne. (Aliyemwigiza, Chunibala Devi, alikuwa na miaka kama 80, na alifariki kabla filamu haijatoka. Hakuna anayeigiza njaa ya uzeeni namna ile.)

Jina la filamu limenitesa kuliko mazungumzo yote. Panchali ni masimulizi ya kishairi yanayoimbwa, kwa hiyo nimeweka "Utenzi wa Njia". Rafiki yangu mmoja mshairi amekasirika, anataka mizani. Atangoja.

Jumanne nilihifadhi faili la zamani juu ya jipya, kazi ya siku tatu ikapotea. Nikajifariji na kisa cha Ray mwenyewe. Oktoba 1952 walianza kupiga ile sehemu ya watoto kwenye nyasi zenye maua meupe, wanapokwenda kuona treni. Waliporudi baada ya wiki, ng'ombe wameshayala maua yote, ikabidi wasubiri msimu wa mwaka uliofuata. Mimi nilihitaji usiku mmoja tu na chai ya tangawizi.

Nimeruka mbele pia, kujaribu sehemu ninayoiogopa. Baba anarudi safarini, anatoa vitu mfukoni kimoja kimoja, mwisho sari ya Durga. Hajui kwamba Durga amekufa. Mama mtu anaangua kilio, lakini sauti yake hatuisikii. Badala yake inapasuka sauti ya ala, tar shehnai, kali kama jino linalong'olewa. Nilikuwa nimeandika "analia" kwenye mabano. Nimefuta. Pale pawe patupu.

Nilimwonyesha mama kipande hicho. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hicho kitambaa alimletea nani, mwanangu?"

Nimerudi kuangalia. "Nimemletea Durga sari" inakaa kwenye skrini sekunde moja tu, na mama husoma polepole, midomo ikicheza. Kwa hiyo wiki ya nane sitafsiri neno jipya hata moja. Narudi dakika ya kwanza, naongeza muda wa kila mstari.