Simu inazima Rungwe? Usilaumu hewa

Simu ikizima ikiwa na chaji ya asilimia 30 kileleni mwa Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, watu husingizia hewa nyembamba. Hewa haina kosa hapo. Mwizi ni baridi: kemikali ndani ya betri ya lithiamu huenda polepole, ukifungua kamera volti inaporomoka na simu inajizima. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ikipata joto, sehemu kubwa ya chaji hiyo hurudi.

Kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, mita 2,600 hivi, usiku wa Juni na Julai umande huweza kuganda. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0: lithiamu hujipaka juu ya elektrodi hasi (upande hasi ndani ya betri), na uharibifu huo haurekebishiki. Lala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, uchaji vikiwa na joto. Na pawabenki ya mAh 10,000 (kipimo cha chaji) itakupa kama 6,000 tu, maana kupandisha volti kutoka 3.7 hadi 5 kuna gharama yake.

Mtandao ukisuasua, weka hali ya ndegeni ili kuokoa chaji. Ramani uliyopakua na GPS vitaendelea kufanya kazi.

Hewa nyembamba huigusa diski ya kuzunguka ya kompyuta (HDD): kichwa chake huelea juu ya hewa, na nyingi zina kikomo cha mita 3,048. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, haijali.

Ukishuka mjini Tukuyu kwenye unyevu, acha kamera iliyopoa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la chumba. Ukiitoa mapema, lenzi inapata ukungu.