Swali Alilouliza Mama Ukumbini

Juzi jioni mwanangu wa kidato cha pili alinisogezea simu nikiwa jikoni. Kijana mmoja kwenye video, nyuma yake limeegeshwa gari jeupe, alikuwa anazidisha: heka moja, mashimo 2,000, kila shimo miche miwili, kila mche matunda mawili. Mwisho likatokea jibu kwa rangi nyekundu, milioni 12. "Mama, mbona sisi hatulimi matikiti?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Nikazima jiko. Hesabu ile niliwahi kuiona ikiandikwa ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, na aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni yangu ni bibi yake.

Ilikuwa Januari 2016. Mama alikuwa ametoka kustaafu, mafao yameingia, na boma la nyumba yake huko Chanika limeishia kwenye lenta likisubiri kupauliwa. Hiyo ni kabla ya sakata la 2018 la kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, mwalimu alikuwa bado anachukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Wenye semina za kilimo cha matikiti walilijua hilo vizuri sana. Tangazo lilimkuta kwenye kundi la walimu wastaafu: kiingilio shilingi 20,000, chai ipo, njoo na mwenzako. Akaniomba nimsindikize.

Msemaji alikuwa kijana mtanashati, ana sauti ya kuamsha watu. Hakuanza na matikiti. Alianza kwa kuuliza nani ana nyumba anajenga, anyooshe mkono. Nusu ya ukumbi ikanyoosha, Mama akiwemo. "Mmeuzika utajiri wenu kwenye matofali," akasema. "Nyumba unayoishi si mali. Ni mzigo. Inakula, haikulishi."

Hoja hiyo ni ya Robert Kiyosaki, Mmarekani mwandishi wa vitabu vya utajiri, ambaye miaka ile hakuna mhamasishaji aliyemaliza hotuba bila kumtaja. Huko kwao ina mantiki yake. Mtu ananunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, kila mwezi anailipa benki, akiyumba benki inaichukua. Mama hakuwa na deni hata la bati moja. Matofali yale aliyafyatulisha mshahara kwa mshahara, na siku boma likipauliwa angeachana na kodi ya miezi sita sita anayoilipa kwa mkupuo, tena angepangisha vyumba viwili vya uani. Hoja ya mtu mwenye mkopo wa benki ilibebwa nzima nzima ikaletwa kwa mjane mwenye boma la Chanika, na hakuna aliyesimama kusema haihusiani naye.

Ndipo akageukia ubao. Mama akatoa daftari kwenye mkoba, lile la kaunta alilokuwa akiandikia maandalio ya masomo, akaanza kumfuatisha. Mashimo 2,000. Miche 4,000. Matikiti 8,000. Bei ya jumla shambani 1,500. Milioni 12. Toa gharama, gawa, zidisha kwa misimu mitatu ya mwaka. Mama alifundisha hisabati darasa la sita na la saba maisha yake yote ya kazi. Aliipitia mara mbili kwa ncha ya kalamu, akaninong'oneza, "Hesabu yake iko sawa."

Msemaji akaeleza kuwa ujanja uko kwenye tarehe. Mwezi wa Ramadhani mwaka ule ungeanza mwanzoni mwa Juni, na Dar nzima itataka tikiti la kufuturu. Panda katikati ya Machi, vuna Ramadhani. Watu wakapiga makofi. Aliporuhusu maswali, Mama akasimama.

Nakumbuka alivyosimama. Kama darasani: daftari mkono wa kushoto, miwani imeshuka puani, anasubiri kelele ziishe ndipo afungue kinywa. Zikaisha. "Naomba kuelewa," akasema. "Humu ndani tuko kama mia tatu. Kila mmoja akilima heka moja, na yote yakakomaa wiki hiyo uliyotuelekeza, yatakuwa matikiti milioni mbili na laki nne. Nani atayanunua kwa bei hiyo hiyo?"

Ukumbi ulitulia. Bado naamini kwa ule muda mfupi wote tulikuwa tunaliwaza jambo moja, na kama yule kijana angelijibu, jibu lolote lile, maisha ya watu kadhaa mle ndani yangekwenda njia nyingine. Hakulijibu. Alitabasamu, akashuka jukwaani, akatembea mpaka kwenye safu yetu.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba."

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Na baada ya miaka thelathini na sita, una gari?"

Mtu akacheka nyuma. Mama akasema hana.

"Mama yangu, nakuheshimu sana. Lakini swali hilo ndilo limekuweka hapo ulipo. Maskini anauliza nani atanunua. Tajiri anaanza." Akageukia ukumbi. "Nani anaanza?" Wakalipuka. Walimu wenzake, watu waliokaa naye ofisi moja, walikuwa wanapiga makofi na kucheka, na wengine hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu ukumbi mzima unacheka. Mama alikuwa bado amesimama. Mama mmoja wa nyuma akamvuta gauni taratibu, "Kaa, mwalimu." Nilitaka kuinuka, akanishika mkono. Akakaa. Kalamu ilibaki wazi mkononi mwake mpaka semina inakwisha, na chini ya ile 2,400,000 hakuandika tena kitu.

Kwenye daladala hatukuongea mpaka tumefika Buguruni. Hapo akasema, akiangalia nje, "Watu mia tatu mara elfu ishirini. Milioni sita. Kwa asubuhi moja, na haitegemei mvua." Nilifikiri ndiyo basi, ameshaelewa, tumepona.

Wiki ile ile alilipia heka mbili.

Kifurushi kilikuwa shilingi milioni 2.7 kwa heka: kukodi shamba Ruvu, mbegu chotara, pampu ya kuchangia, dawa na vibarua. Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu kila aliyelima anayajua. Masika ikashuka juu ya mimea michanga na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, ukaingia. Maua ya tikiti, la kiume na la kike, yako mbalimbali kwenye mche huo huo. La kike linafunguka asubuhi, siku hiyo hiyo limejifunga, na nyuki lazima awe amepita. Vibarua walikuwa wanapiga dawa ya wadudu asubuhi hiyo hiyo kukwepa jua. Afisa ugani wa kata ndiye aliyetueleza, tena kwa upole, tulipomtafuta wenyewe. Nyuki walikuwa wamekwisha kuhama. Yaliyoshika mimba, nzi wa matunda akayadunga. Kwa nje tikiti zuri, ukilipasua unakuta funza. Na yale yaliyopona yalipofika soko la Dar yalikuta malori mengine yamepanga foleni toka usiku, yote yamelenga Ramadhani. Dalali hakuhesabu hata moja. Aliangalia juu ya lori, akasema makubwa 400, madogo 150, hutaki peleka kwingine. Ushuru wa mazao ukakatwa, wapakuzi wakalipwa. Katika milioni 5.4 Mama alirudi na 780,000.

Kuanguka kwa kilimo si jambo geni kwetu. Babu yangu alilima, akapata, akakosa, na kila aliyekosa kijijini alijulikana na kupewa pole. Jambo lililoniumiza, na linaloniuma hadi leo, lilikuja baada ya hapo. Mama aliandika kwenye kundi la semina, ujumbe mrefu, wenye adabu, umepangwa kwa mistari kama ripoti: gharama hizi, mavuno haya, bei hii, tatizo liko wapi, ushauri kwa wanaopanda msimu ujao. Msimamizi wa kundi akajibu kwamba hapa haturuhusu mawazo hasi, kisha akamtoa. Kesho yake mwalimu mwenzake akamtumia picha ya kilichoendelea mle: mkulima mmoja aliyevuna Januari, kabla ya wote, amepata faida ya kweli, amesimama katikati ya matikiti yake anacheka. Pongezi zikamiminika.

Hapo ndipo nilipouona mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Aliyepata anaitwa ukumbini kutoa ushuhuda. Aliyekosa anaambiwa hakuwa na imani, ana fikra za kimaskini, hakufuata maelekezo. Anaona aibu, ananyamaza. Kwa hiyo anayeingia ukumbini kesho anakutana na waliofaulu tu, na kwa macho yake anaona kwamba wote wanafaulu. Hakuna aliyemdanganya kwa tarakimu. Kila kilichoandikwa ubaoni kinajumlishika. Kilichofutwa ni watu.

Mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha DECI, ule upatu ambao watu waliambiwa wapande mbegu wavune, viongozi wake walifikishwa mahakamani, kwa sababu upatu wa namna ile ni kosa kisheria. Lakini kumwambia mstaafu azidishe miche kwa bei ni kosa gani? Hakuna kifungu. Shamba lilikuwepo, mbegu zilikuwepo, dawa ilipigwa. Msemaji alishachukua chake mlangoni. Hata huyo Kiyosaki, mwaka 2012 kampuni yake ya Rich Global iliomba kutangazwa imefilisika baada ya kushindwa kesi na Learning Annex, waandaaji wa semina, waliokuwa wanaidai karibu dola milioni 24. Ugomvi wote ule ulihusu mapato ya semina. Nililijua hilo miaka mingi baadaye, na nilitamani Mama angekuwa nalo mkononi siku ile aliposimama.

Mwalimu mwingine aliyestaafu pamoja naye hakuja kwenye semina. Alikwenda benki, akafunguliwa akaunti, akanunua hati fungani ya Serikali ya miaka 20, yaani aliikopesha Serikali kwa riba. Wakati ule ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka: kila milioni ilikuwa inakuletea 154,900 kwa mwaka, nusu kila miezi sita, na kuanza ulihitaji milioni moja tu. Hana cha kusimulia. Hakuna gari jeupe kwenye hadithi yake. Sisemi kila mtu afanye alivyofanya yeye, miaka 20 ni mingi kwa mtu wa miaka 60 na bei za vitu hazikai mahali pamoja. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyelipia ukumbi kuwaeleza walimu habari hiyo, maana hakuna ambaye angeuza mbegu mlangoni.

Kwa muda mrefu nimejiuliza kwa nini alilipia. Aliijua kasoro ya ile hesabu kuliko mtu yeyote mle ndani, aliitaja kwa sauti. Kuna siku nadhani ni kile kicheko: mtu aliyeheshimiwa darasani miaka yote, kuambiwa mbele ya wenzake kwamba busara yake ndiyo umaskini wake, akaenda kuwaonyesha. Siku nyingine nadhani ni boma tu, pesa ya kupaulia ilikuwa haitoshi na yeye alitaka itoshe upesi. Niliwahi kumuuliza. Alisema, "Wengine walipata, mwanangu," akaendelea kuchambua mchele.

Boma lilipauliwa baadaye, kidogo kidogo, kwa pensheni ya mwezi na mchango wetu sisi watoto.

Mwaka 2019 jirani yetu, nesi aliyekuwa anakaribia kustaafu, alikuja kumuuliza habari za matikiti. Nilikuwepo. Nilisubiri amkataze. Hakumkataza. Alimletea lile daftari, akamfungulia kurasa za gharama na mauzo, akakaa naye mezani wakapitia mstari kwa mstari, na saa ya nyuki, na dawa, na foleni ya malori, na swali ambalo halikujibiwa. Jirani alinakili mengi. Akashukuru, akaenda kulima. Alichagua msimu ambao wengine hawakupanda, vibarua wake wakapiga dawa jioni, bei ikamkuta nzuri, akapata. Tulifurahi naye, Mama akiwa wa kwanza.

Sasa yeye ndiye anayeitwa kwenye semina kutoa ushuhuda. Aliniambia mwenyewe kwamba mara ya kwanza alianza kuwaeleza kuhusu daftari la mwalimu, wakamwomba aende moja kwa moja kwenye kiasi alichopata, muda ni mchache.