Nusu ya Hukumu

Kura iliniangukia upande nisioutaka. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya sheria, na mwalimu wetu wa sheria ya jinai alikuwa ameandaa mdahalo juu ya jalada la kubuni: askari amempiga risasi tatu mtu aliyekuwa ameshika kisu sebuleni kwake, na mtu huyo amekata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Ndugu zake ndio waliokuwa wamepiga simu kuomba msaada, wakieleza kwamba mgonjwa wao wa akili amezidiwa na amejifungia ndani. Askari wawili walifika, wakausukuma mlango, wakaingia, naye akageuka na kuanza kuwasogelea. Kwa mujibu wa jalada, tangu mlango ulipofunguka hadi risasi ya kwanza zilipita sekunde 19. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba risasi zile zilikuwa halali.

Moyoni niliamini kinyume chake, na nilidhani ningejikongoja kwa hoja mbili tatu dhaifu kisha niketi. Haikuwa hivyo. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba upande wa askari una nguvu kuliko nilivyokuwa nikikiri. Nilianza na kesi ya Graham dhidi ya Connor, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1989 kwamba nguvu anayotumia askari ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale pale, wala si kwa hekima ya mtu anayelitazama tukio likiwa limekwisha, na kwamba lazima kuzingatiwa kuwa askari hulazimika kuamua kufumba na kufumbua. (Wengi hudhani kesi hiyo ilihusu mauaji. Ilihusu mgonjwa wa kisukari aliyetoka dukani kwa haraka, akashukiwa, akaumizwa wakati wa kukamatwa.) Kisha nikakutana na jaribio la Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, ambao ni karibu sawa na muda anaohitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola na kufyatua.

Jaribio hilo niliamua kulionyesha ukumbini badala ya kulisimulia. Nilipima mita sita na ushei kwa uzi, nikamwomba mwanafunzi mmoja mrefu asimame mwisho wa uzi ameshika rula ya mbao, nami nikachomeka kalamu ya ubaoni kwenye mkanda kama bastola. Tulikubaliana kwamba akianza kukimbia, niichomoe kalamu na kumwelekezea kabla rula haijanigusa. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu rula ilinifikia kwanza. Mara ya tatu pembe yake ilinasa kifungo cha shati langu, kikakatika na kubingirika chini ya viti vya safu ya mbele. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuibadilisha rula kuwa kisu kichwani mwake. Nilijua wakati ule ule kwamba nimeushika ukumbi.

Mpinzani wangu, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa makini kuliko mimi, alijibu kwa Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Alisoma taratibu kanuni ya 9, kwamba silaha ya moto haitumiwi dhidi ya mtu isipokuwa katika hali chache, kama vile kujihami au kumwokoa mwingine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu kutokea, na kwamba kuua kwa makusudi hakuruhusiwi ila pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa ya kuokoa uhai. Akaongeza kesi ya Garner ya mwaka 1985, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kumpiga risasi ya kuua mshukiwa anayekimbia asiye hatari, iliyotokana na kuuawa kwa kijana wa miaka 15 huko Memphis, aliyepigwa risasi akiruka uzio usiku ingawa askari mwenyewe aliona kwamba huenda hana silaha. Nilimjibu kwamba kijana yule alikuwa akikimbia, ilhali mtu wetu alikuwa akija. Jibu langu lilikuwa sahihi, na lilimuumiza.

Kisha nikatoa karata niliyoiona ya mwisho. Mwaka 1988, huko Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na Hispania, askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, waliwaua kwa risasi wanachama watatu wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza huko Ireland Kaskazini, wakiamini kwamba wangeweza kulipua bomu kwa kubonyeza kitufe tu. Watatu hao hawakukutwa na silaha wala kitufe. Hata hivyo, nikauambia ukumbi, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipotoa hukumu mwaka 1995 haikuwatia hatiani askari wale, kwa kuwa imani yao ilikuwa ya kweli na ilikuwa na sababu za msingi kulingana na taarifa walizopewa. Nikaketi huku nikipigiwa makofi.

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Nilichokiacha ni kwamba katika hukumu hiyo hiyo, kwa kura 10 dhidi ya 9, mahakama iliamua kwamba Uingereza ilivunja haki ya kuishi, kwa sababu ya namna operesheni nzima ilivyopangwa na kusimamiwa: washukiwa waliachwa waingie badala ya kuzuiwa mpakani, na makisio yaliwafikia askari kama mambo ya hakika. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo na hata kuipigia mstari. Nilitegemea kwamba mpinzani wangu hajaisoma, na kweli alikuwa hajaisoma.

Miongoni mwa majaji watatu alikuwapo mzee mmoja, askari mstaafu aliyewahi kufundisha matumizi ya silaha. Muda wote wa mdahalo alikuwa hajaandika kitu. Alipopewa nafasi ya kuuliza, aliinama akaokota kifungo changu kilichokuwa karibu na kiatu chake, akakiweka mezani mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "umenionyesha vizuri kwamba mtu aliye mita sita atakufikia kabla hujachomoa. Sasa niambie, ni nani aliyemweka askari wako kwenye mita sita?"

"Mzee, mtu yule ndiye aliyesogea."

"Nauliza kabla hajasogea."

Sikuwa na jibu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa akiwafundisha vijana jaribio lile ili wajifunze kubaki mbali, waweke meza au mlango kati yao na kisu, wazungumze, wasubiri. Hakuwahi kulifundisha kama ruhusa ya kuingia chumbani na kufyatua baada ya sekunde 19. Nilitazama karatasi zangu kana kwamba zingenisaidia, na macho yakatua kwenye ule mstari wa kalamu nyekundu chini ya kura 10 dhidi ya 9.

Nilishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na kura moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya mzee yule. Nilipomfuata mlangoni kumuuliza sababu, alinijibu kwamba mada iliuliza juu ya risasi na haikuuliza juu ya mlango, kisha akanirudishia kifungo. Miaka mingi baadaye, Mei 2025, niliposoma kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imekataa kwa kauli moja, katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, kanuni ya kuitazama dakika ya hatari peke yake na kufumbia macho yaliyotangulia, nilimkumbuka papo hapo, ingawa mahakama hiyo iliacha bila jibu suala la askari anayejitia hatarini mwenyewe, ambalo ndilo hasa alilokuwa ameniuliza.

Jioni ile nilimtafuta mpinzani wangu nikampa nakala ya kurasa nilizozificha. Alizisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa mwisho, akaniuliza nilikuwa nazo tangu lini. Nilimwambia tangu wiki iliyotangulia. Alizikunja mara mbili, akazitia kwenye mkoba wake, akaondoka bila kuniaga.